Umepata chuma cha zamani shambani? Jinsi ya kukitambua na hatua za kuchukua

Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, watu wengi wa Dzaleka na vijiji vya jirani hutayarisha mashamba. Wengine huchimba mashimo ya vyoo, visima au misingi ya nyumba. Jembe linagonga kitu kigumu, unakitoa, na hujui ni nini. Ni takataka? Ni mali? Ni kitu cha hatari?

Makala hii ni kwa ajili yako, uwe mkimbizi au mwenyeji. Inaeleza jinsi ya kutambua vitu vya zamani vya chuma, shaba na metali nyingine vinavyotoka ardhini, vipi usiviguse, na ni nani wa kumjulisha. Ihifadhi kwenye simu yako na uwasomee watoto, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaookota kwanza.

Kwa nini kuna vitu vingi ardhini hapa?

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na zaidi kidogo kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo, mahali hapa palikuwa gereza lililojulikana kwa kufungia wapinzani wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Kabla ya gereza kulikuwa na mashamba na vijiji, na Wachewa wa Malawi ya kati walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma muda mrefu kabla ya wakoloni kufika. Kwa hiyo ardhi moja inaweza kuwa na kitu cha miaka mitano iliyopita karibu na kitu cha miaka mia tano.

Hatua ya kwanza: Je, kinaweza kulipuka?

Jiulize swali hili kabla ya kuinama kukiokota. Malawi haijapitia vita kama vile ambavyo wengi wetu tulikimbia, na hatari hapa ni ndogo kuliko Kivu au Ituri. Lakini ndogo si sawa na hakuna. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, kuanzia 1977 hadi 1992, vilifika karibu na mpaka wa Malawi, na Msumbiji ilitangaza kumaliza kusafisha maeneo yote ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana mwaka 2015 tu. Pia kuna wasomaji wetu wanaofikiria kurudi nyumbani Kongo, ambako mabaki ya silaha bado yanaua. Elimu hii itawafaa popote watakapokuwa.

Usiguse kitu chochote chenye umbo kama hili:

- Bomba au chupa ya chuma yenye mapezi mkiani, kama mkia wa samaki.
- Kitu cha mviringo kama nanasi dogo au chungwa, chenye pini au pete.
- Sahani au kopo bapa la chuma au plastiki, lenye kitufe juu au waya pembeni.
- Risasi nzima, yaani ganda pamoja na kichwa chake.
- Bomba dogo jembamba kama kalamu, lenye nyaya.

Ukiona kitu kama hicho, simama. Usikisukume kwa jembe, usikirushie mawe, usikimwagie maji, usikichome moto. Rudi nyuma polepole kwa kukanyaga njia ileile uliyopita. Ukiwa mbali, weka alama ambayo wengine wataiona, kama kitambaa kwenye mti au rundo la matawi njiani. Waambie watu wasipite, kisha toa taarifa polisi. Ndani ya kambi unaweza kuanza na kiongozi wa eneo lako au wahudumu wa ulinzi wa jamii. Kijijini anza na mfumu wa kijiji.

Kutu si dalili ya usalama. Baruti inaweza kubaki hai kwa miaka mingi ndani ya ganda lililooza, na chuma kilicholiwa na kutu kinaweza kuwa rahisi zaidi kulipuka kinapotikiswa.

Hatua ya pili: Ni metali gani?

Ukiwa na hakika kwamba kitu si silaha, tumia macho, mkono na sumaku. Sumaku unaweza kuipata ndani ya spika ya redio iliyoharibika.

Chuma: Hushika sumaku na huota kutu ya kahawia au nyekundu. Kikikaa ardhini muda mrefu, kutu huvimba na kuchanganyika na udongo hadi umbo la kitu linapotea.

Shaba nyekundu: Haishiki sumaku. Juu huwa na rangi ya kijani, na chini yake ni nyekundu.

Shaba ya manjano: Ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Haishiki sumaku. Nayo huota kijani, lakini rangi yake ya ndani hufanana na dhahabu. Watu wengi wamedanganyika hapa.

Alumini: Ni nyepesi, ina rangi ya kijivu cheupe, na haishiki sumaku. Viwanda vilianza kuitengeneza kwa bei nafuu baada ya mwaka 1886. Kitu cha alumini hakiwezi kuwa cha enzi za mababu wa kale, hata kama kinaonekana kimechakaa sana.

Risasi: Hapa tunasema ile metali yenyewe, si ya bunduki. Ni nzito sana, laini, na ukucha unaweza kuacha alama juu yake. Ni sumu. Usiiyeyushe kwenye jiko la nyumbani na usimwachie mtoto aichezee. Betri za magari zimejaa risasi.

Fedha: Hugeuka nyeusi au kijivu. Haishiki sumaku.

Dhahabu: Haioti kutu na haibadiliki rangi. Kitu cha manjano chenye madoa ya kijani kina shaba ndani yake. Kama ni dhahabu, si dhahabu tupu.

Hatua ya tatu: Ni cha zamani kiasi gani?

Kina cha shimo peke yake hakitoshi kukuambia umri. Mchwa, panya, mifereji ya maji na jembe huhamisha vitu. Angalia jinsi kitu kilivyotengenezwa:

- Hesi za skrubu, zilizo sawasawa zote, ni kazi ya kiwanda.
- Mshono wa kulehemu kwa umeme ni wa karne ya 20 au baada yake.
- Kizibo cha soda chenye meno pembeni kilibuniwa mwaka 1892, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.
- Chuma kisichoota kutu, kama cha vijiko vinavyong'aa, kilianza kutengenezwa karibu na mwaka 1913.
- Herufi, namba au chapa iliyopigwa huonyesha kiwanda, na mara nyingine mwaka.
- Alama za nyundo, unene usiolingana na umbo lisilo sawa pande zote mbili huonyesha kazi ya mhunzi. Lakini wahunzi wapo hadi leo, kwa hiyo alama ya nyundo haithibitishi kwamba kitu ni cha kale.

Vitu unavyoweza kukutana navyo

Mavi ya chuma. Ni mawe mazito, meusi au ya kijivu, yenye matundu kama mkate, na mara nyingine yanaonekana kama uji ulioganda ukitiririka. Haya ni mabaki ya kuyeyusha chuma. Katika Malawi ya kati na kaskazini, mafundi walijenga tanuri refu la udongo, lililoitwa ng'anjo kwa Kichewa, wakaweka ndani mawe ya chuma na makaa. Hewa iliingia chini kupitia mirija ya udongo. Kasungu, jirani na Dowa, tanuri kama hizo bado zinaonekana, na moja, iliyoko Chulu, imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Wataalamu wanaona dalili za ufuaji chuma Malawi kuanzia takriban karne ya 3 baada ya Kristo.

Mavi ya chuma hayana bei sokoni. Lakini ukiyaona mengi mahali pamoja, pamoja na vipande vya mirija ya udongo iliyoungua na vigae vya vyungu, huenda umefika kwenye karakana ya mababu wa wenyeji wako. Mahali kama hapo pana thamani kubwa kuliko kipande chochote kimoja utakachotoa. Acha kuchimba na utoe taarifa.

Majembe. Jembe la mhunzi wa zamani mara nyingi lina umbo la jani au moyo, na mkia mrefu uliochongoka unaoingia kwenye tundu la mpini. Jembe la kiwandani lina unene ulio sawa, na mara nyingi lina chapa, kama ile ya mamba ya Chillington inayojulikana katika nchi nyingi za Afrika. Majembe ya kiwandani yalipojaa madukani katika karne ya 20, tanuri za kienyeji zilizimika. Wenzetu wa Burundi na Rwanda wanajua kwamba isuka haikuwa ya kulimia tu, bali iliingia pia katika mahari. Hapa Malawi majembe yalikuwa bidhaa ya biashara kati ya jamii na jamii.

Sarafu. Hizi ndizo rahisi kutambua, kwa sababu zinasema zenyewe.

- Sarafu yenye kichwa cha Malkia Elizabeth II na maneno ya Rhodesia na Nyasaland ni ya Shirikisho, kati ya 1955 na 1964. Peni yake ina tundu katikati na picha ya tembo, na nusu peni ina twiga.
- Sarafu za kwanza za Malawi, za mwaka 1964, zina kichwa cha Kamuzu Banda na ni za shilingi: peni sita yenye jogoo, shilingi yenye mahindi, na florini yenye tembo.
- Mwaka 1971 zilikuja kwacha na tambala. Tambala maana yake ni jogoo, na kwacha ni kumekucha. Tambala 1 ina picha ya jogoo.
- Wanaotoka Burundi, Rwanda na Tanzania huenda wanazijua rupia na heller za Wajerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitengeneza sarafu za haraka Tabora, zenye herufi T.
- Wanaotoka Kongo huenda wameona faranga 2 ya mwaka 1943, ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na picha ya tembo.

Shaba, bangili na waya. Bangili na mikufu ya shaba ilifika kwa njia nyingi. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipita Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, mahali palipokuwa chini ya watawala walioitwa Jumbe. Ilileta nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watu waliotumwa. Kwa hiyo pete nzito ya chuma au mnyororo wa zamani unaweza kuwa ushahidi wa utumwa. Inaweza pia kuwa mnyororo wa ng'ombe wa kukokota jembe, au kitu cha gereza la zamani. Mtaalamu ndiye wa kuamua. Wakongomani wa Katanga wanaujua msalaba wa shaba, uliotumika kama fedha kabla ya ukoloni na baadaye ukawekwa kwenye sarafu na bendera ya Katanga. Ukiuona hapa, ulisafiri mbali.

Maganda ya risasi. Ganda tupu la shaba ya manjano lina mdomo wazi na alama kidogo katikati ya kitako, pale pini ilipopiga. Kitakoni huwa na herufi za kiwanda, mara nyingine na mwaka. Lakini alama ya pini si uthibitisho, kwa sababu risasi inaweza kupigwa isilipuke. Ikiwa bado ina kichwa, ihesabu kuwa hai, hata kama imeota kijani yote.

Vitu vya kutogusa hata kama si mabomu

Kuna vitu vya chuma ambavyo ukivitoa vitakuletea matatizo na sheria.

- Vigingi vya mipaka. Nondo au bomba lililofungwa kwa saruji pembeni mwa shamba linaweza kuwa alama ya wapimaji ardhi. Kuling'oa kunaweza kuanzisha ugomvi kati ya familia mbili, au kati ya wakimbizi na wenyeji.
- Nyaya na vifaa vya umeme, mabomba ya maji, vipande vya reli. Wizi wa vifaa vya ESCOM ni tatizo kubwa Malawi. Ukikutwa na nyaya nene za shaba, kusema "nimeokota" huenda kusikusaidie. Ukiziona zimefukiwa shambani, toa taarifa mara moja, na usizihamishe.
- Mitungi ya gesi, makopo ya dawa za kupulizia na betri. Usiyatupe motoni.
- Vitu vya makaburini. Chuma kilichowekwa juu ya kaburi ni cha marehemu na ukoo wake. Ukichimba ukakuta mifupa, simamisha kazi na umwite mfumu.

Kitu nilichopata ni cha nani?

Ikiwa shamba umelikodi, ulikodi kulima. Kilichomo ardhini hakikuingia katika makubaliano. Mwambie mwenye shamba kabla hajasikia kwa wengine. Mambo mengi ambayo huwa magomvi makubwa huanza kwa kitu kidogo kilichofichwa.

Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya Malawi ya mwaka 1990 kuhusu minara na masalio ya kihistoria. Kuchimba kwa makusudi ili kutafuta vitu vya kale bila kibali, au kuvitoa nje ya nchi bila kibali, ni kosa. Anayepata kitu kama hicho anatakiwa kutoa taarifa. Inayohusika ni idara ya serikali ya makumbusho na minara ya kihistoria. Huna haja ya kusafiri hadi Lilongwe kwa hatua ya kwanza. Mfumu wa kijiji, ofisi ya wilaya ya Dowa au ofisi ya serikali ya wakimbizi kambini inaweza kupeleka taarifa. Omba uandikiwe karatasi inayoonyesha tarehe, jina lako na kitu ulichokabidhi.

Vipi kuhusu mashine za kutafuta metali?

Watu wengine huzungusha mashine hizi mashambani wakitafuta dhahabu au vyuma chakavu. Mashine inalia tu. Haijui kama chini kuna sarafu, kizibo cha soda au bomu. Hulia hata kwenye mawe ya asili yenye chuma ndani yake, ambayo ni mengi katika udongo mwekundu wa huku. Kutafuta madini kunahitaji leseni, na kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali. Mtu akikuajiri kumchimbia, muulize karatasi zake kwanza. Polisi wakifika, yeye huenda ana gari, na wewe una jembe mkononi.

Jinsi ya kukihifadhi

1. Piga picha kabla ya kukitoa, kisha baada ya kukitoa. Weka kiberiti au sarafu ya kawaida kando yake ili ukubwa uonekane.
2. Andika tarehe, shamba la nani, kina cha shimo, na vitu vilivyokuwa karibu: vigae, mkaa, mifupa, mavi ya chuma.
3. Usikisugue kwa mchanga au steelwaya, usikiloweke kwenye ndimu au siki, usikitie motoni. Kutu ya juu inaweza kuwa ndiyo inayoshikilia umbo lake. Pangusa udongo kwa brashi laini tu.
4. Kikaushe kivulini, kifunge kwa karatasi na ukiweke mahali pakavu, mbali na watoto. Mfuko wa plastiki uliofungwa hushika unyevu.

Jihadhari na matapeli

Sarafu za zamani zilitengenezwa kwa wingi, na nyingi zina bei ndogo. Pamoja na hayo utasikia kwamba yuko mnunuzi anayelipa mamilioni kwa rupia ya Mjerumani. Mnunuzi haonekani, ila ajenti wake yupo, na anadai kwanza pesa ya kupima, ya usafiri, au ya kibali. Mnunuzi wa kweli hakudai wewe ulipe.

Hadithi mbaya zaidi ni ya "zebaki nyekundu". Haipo. Ni uzushi ambao umezunguka dunia kwa miongo kadhaa, ukisema kwamba dawa ya thamani kubwa imo ndani ya mabomu, redio au cherehani za zamani. Kusini mwa Afrika kuna watu waliofumua mabomu wakiitafuta. Mtu akikuomba umtafutie, au akikuonyesha silaha akisema imo ndani, ondoka hapo na utoe taarifa.

Ukiumia

Kukatwa na chuma kilichotoka ardhini si jambo la kusubiri. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni, na huingia mwilini kupitia jeraha, hasa lililochoma ndani. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, na uende kituo cha afya cha Dzaleka au kilicho karibu nawe siku hiyohiyo. Eleza umekatwa na nini na mara ya mwisho ulichanjwa lini. Usipake udongo, majivu wala mafuta.

Kwa ufupi

- Una shaka? Usiguse. Weka alama kwa mbali na utoe taarifa.
- Hakuna shaka ya mlipuko? Piga picha, andika mahali, mwambie mwenye shamba.
- Kinaonekana cha kale? Usisafishe, usiuze. Mjulishe mfumu au ofisi ya serikali.
- Kina alama za ESCOM, reli, maji au mpaka wa ardhi? Kiache kilipo.
- Mtu anataka ulipe ili akununulie? Ni tapeli.

Zungumza na watoto wako leo jioni. Wachoree yale maumbo ya hatari chini kwenye mchanga, uwaulize watafanya nini wakiyaona, na uwasikilize hadi wajibu sawasawa: nasimama, siguse, narudi nilikopita, naita mtu mzima.